Msimamizi na Kazi Iliyofukiwa

Katika ofisi za serikali husikika mara nyingi nung'uniko hili: "Mkubwa wangu haniamini." Husemwa na mhandisi aliyetembelewa kazini bila taarifa, au aliyetakiwa kuonyesha vipimo vya zege ambalo alikwisha kuandika ya kuwa ni zuri. Nalo latoka hata vinywani mwa watu wema, waendao Misa kila Dominika, wasiopata kugusa senti isiyo yao. Yafaa basi tuliulize jambo hili waziwazi. Je, kumkagua mtu mwaminifu ni kumvunjia heshima? Na mkubwa asiyemkagua, akatia sahihi kwa kuwa tu anamwamini, yu salama mbele ya Mungu?

Tutazame kazi ya maji, maana ndani yake swali hili laonekana vizuri kuliko penginepo. Tangu mwaka 2019 mzigo wa maji ya vijijini katika Tanzania Bara umekabidhiwa wakala wa serikali, yaani RUWASA, uliowekwa kwa sheria ya mwaka huohuo. Kila wilaya ina meneja wake. Juu yake yuko meneja wa mkoa. Na juu yao wako wakubwa wa makao makuu. Meneja wa wilaya huwa na miradi kadha wa kadha mikononi kwa wakati mmoja: hapa kisima kirefu, pale tangi, kule kilomita nyingi za mabomba. Mkandarasi hufanya kazi, mhandisi huipima, hati ya malipo huandikwa, kisha hati hupanda ngazi kwa ngazi ikipokea sahihi, na mwisho fedha hutoka.

Sasa, asiyeijua kazi hii na afahamu jambo moja: karibu kila kitu cha thamani katika mradi wa maji hufukiwa. Bomba hulazwa mtaroni, na mtaro hufunikwa siku hiyohiyo. Nani ajuaye kama mtaro ulichimbwa kadiri ya mchoro, au ulikwanguliwa tu kwa kina cha jembe, hata mvua za kwanza zikalifunua bomba na malori yakalipasua? Nani ajuaye kama chini yake palitandikwa udongo laini au mawe makali? Nondo za tangi humezwa na zege. Zege nalo hudai kumwagiliwa siku nyingi, na nguvu yake hupimwa siku ya 7 na siku ya 28; fundi aliyechoka kulimwagilia siku ya 3 kwa sababu maji yako mbali (na katika kijiji kisicho na maji, maji huwa mbali kweli) hataonekana na mtu. Hata maji yenyewe yajua kuficha. Kisima kilichopimwa mwezi wa Aprili hutoa maji tele. Shahidi wa kweli ni mwezi wa Oktoba. Na katika sehemu za Arusha na Kilimanjaro yako maji yanayong'aa machoni, kumbe yamejaa madini ya floridi yanayoharibu meno ya watoto, na yakizidi sana huipinda mifupa yao. Hayo hayajulikani ila kwa kupelekwa maabara.

Kwa hiyo sahihi ya msimamizi chini ya hati ya malipo ni ushuhuda. Kwayo husema: najua ya kuwa mtaro ulikwenda chini, najua ya kuwa zege ni gumu. Watu wakisikia habari za miradi iliyokufa hukumbuka upesi amri ya saba, usiibe, nao hawakosei. Lakini kabla ya amri ya saba kuvunjwa na mwizi, ya nane imekwisha kuvunjwa na mtu ambaye huenda hakuchukua hata shilingi. Asiyejua akaandika kwamba anajua, hakusema kweli, hata ikitokea kwa bahati kwamba kazi ni njema.

Msimamizi atajibu: "Miradi ni mingi, barabara ni mbovu, nami ni mmoja." Ni kweli. Tena jibu hili ni la kale kama Kitabu cha Kutoka. Musa alikaa tangu asubuhi hata jioni akiamua mashauri ya watu wote, mpaka mkwewe Yethro akamwambia kwamba atajichosha bure, yeye pamoja na watu wake. Akamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi, watu wenye uwezo, wamchao Mungu, wanaochukia rushwa. Wengi hukomea hapo. Wasome mbele kidogo: mashauri mazito yaliendelea kuletwa kwa Musa. Aligawa kazi, hakujivua wajibu. Vivyo hivyo meneja wa mkoa hawezi kutembea kila mtaro, lakini aweza kufika siku moja asiyotazamiwa, mtaro ukiwa wazi. Aweza kuamuru pafukuliwe mahali pamoja, atakapochagua mwenyewe. Aweza kudai karatasi ya maabara badala ya neno la mdomo, na kuwauliza wazee wa kijiji bomba lilipita wapi. Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji moyo wa kutoka ofisini.

Lakini hapa twasema kana kwamba anayekaguliwa ni mvivu au mdanganyifu. Je, akiwa mtu bora kabisa? Kwa hili uko mfano mzito. Watoka mbali, Marekani, lakini ni wa kazi hiyohiyo ya maji ya umma.

William Mulholland, mzaliwa wa Ireland, alianza kazi katika mji wa Los Angeles kwa kutunza mifereji. Hakusoma chuo kikuu. Alijifundisha mwenyewe usiku, akapanda mpaka akawa mhandisi mkuu wa idara ya maji ya mji. Mwaka 1913 alimaliza mfereji wa kilomita 375 uliouletea mji huo maji kutoka milimani, na tangu hapo ni nani angethubutu kumwuliza swali? Kati ya mwaka 1924 na 1926 idara yake ilijenga bwawa la St. Francis katika bonde lililo kaskazini ya mji. Kazi ikiwa imekwisha kuanza, kimo cha ukuta kiliongezwa mara 2, futi 10 kila mara, wala msingi haukupanuliwa ipasavyo. Hakuna mhandisi wa nje aliyetakiwa kupitia hesabu hizo. Sheria ya wakati ule haikuulazimisha mji kufanya hivyo.

Asubuhi ya tarehe 12 Machi 1928 mlinzi wa bwawa aliona maji yanavuja, nayo yana rangi ya matope, akapiga simu. Mulholland alikuja mwenyewe siku hiyohiyo pamoja na msaidizi wake, akatazama, akasema hapana hatari. Muda mfupi kabla ya saa sita ya usiku ukuta ulivunjika. Maji yalikimbia zaidi ya kilomita 80 mpaka baharini. Walikufa watu zaidi ya 400, na miongoni mwao mlinzi yule na mtoto wake mdogo. Mbele ya baraza la uchunguzi mzee huyo alijitwika lawama yote, asitake mtu mwingine alaumiwe. Nalo baraza likaamua kwamba kazi ya bwawa kubwa haifai kamwe kuachwa kwa akili ya mtu mmoja, hata awe mkuu namna gani. Mwaka 1929 jimbo la California lilitunga sheria ya kuyaweka mabwawa chini ya ukaguzi wa serikali ya jimbo.

Tumpime mtu huyu kwa haki. Hakuwa mwizi. Hakuwa mvivu, aliitwa, akaja. Alichokosa ni mtu mmoja mwenye ujuzi na mamlaka ya kumwambia: hapana, kwanza tutazame. Waliokuwa juu yake walimheshimu mno hata wakamwacha peke yake na mzigo usiochukulika na mtu mmoja. Heshima ya namna hiyo si upendo. Mhandisi anung'unikaye kwamba amekaguliwa na akumbuke kuwa mkaguzi ndiye amsaidiaye kulala usiku.

Liko kosa la upande wa pili, nasi tulitaje ingawa kwa ufupi: la mkubwa anayeshika kila kitu, hata meneja wa wilaya hawezi kununua koki bila kusubiri sahihi ya mkoani, na kijiji chakaa siku 20 bila maji kwa ajili ya koki. Baba Mtakatifu Pius XI, katika barua yake ya mwaka 1931, alifundisha kwamba ni udhalimu mamlaka ya juu kunyakua yale ambayo walio chini waweza kuyatimiza wenyewe. Kukagua si kunyang'anya.

Yabaki jambo zito kuliko yote, nalo lagusa nyumba zetu. Mhandisi kijana aandika katika taarifa yake kwamba mabomba hayakufukiwa ipasavyo. Siku ya ufunguzi i karibu, mgeni rasmi amekwisha kualikwa. Aambiwa: "Usituharibie." Akishikilia neno lake, hupata uhamisho. Akirudi nyumbani, je, huko husikia nini? Kuna wazazi, kuna na wake, wasemao: "Tia sahihi, mwanangu, wenzako wote hutia." Katekisimu yatufundisha kwamba twashiriki dhambi ya mwingine si kwa kuitenda tu, bali kwa kuishauri, kwa kuisifu, kwa kuinyamazia tukiwa na wajibu wa kusema. Shauri la mezani nalo limo humo. Na mkubwa ampaye uhamisho mleta habari mbaya amejifunga macho mwenyewe, kwa maana hataletewa nyingine.

Na aliyekwisha kutia sahihi bila kuona, afanyeje? Toba hudai kulipa. Mwaka 1971 serikali ya Mwalimu Nyerere iliazimia kwamba kufikia 1991 kila mwanakijiji apate maji karibu na nyumba yake. Mwaka huo ulipita, na sera ya mwaka 2002 ikaweka tena shabaha ya meta 400. Wanawake waliokuwa wakibeba ndoo mwaka 1971 wengine wana vitukuu wanaobeba ndoo leo. Basi wanaodaiwa kulipwa wajulikana, na kijiji chao chajulikana. Mradi ukikabidhiwa, kwa kawaida huwa na muda wa matazamio, mara nyingi miezi 12, na sehemu ya fedha ya mkandarasi huzuiliwa mpaka muda huo upite. Ukipita, gharama za kufukua na kutengeneza huangukia chombo cha maji cha kijiji, yaani senti zinazolipwa kwa kila ndoo. Msimamizi mwenye shaka juu ya mtaro wowote aliousaini na ahesabu leo miezi iliyobaki, kisha aende na majembe.