Baa ya Kukodi Katika Karamu ya Arusi

Limeletwa katika darsa yetu swali ambalo wengine wangelimaliza kwa neno moja, nasi limetuchukua majuma matatu. Jamaa wa Kiislamu wa mji wa Machakos wanamwoza kijana wao. Bibi arusi ni Mwislamu, tena mwenye dini njema, lakini baba yake na wajomba zake si Waislamu, na nusu ya wageni watatoka upande huo. Kamati ya arusi imekwisha kupanga uwanja na mahema. Kisha mmoja wa wanakamati akaleta shauri kwamba ikodiwe baa ya kuhamishwa, ili wakwe wapate kinywaji chao, na Waislamu wapate sharubati yao, na kila mtu arudi kwao radhi. Jamaa wametuuliza: yafaa?

Kwa wasioijua, baa hii ni gari la kukokotwa, lina meza ndefu ubavuni, mafriji, taa za rangi na bilauri za kila namna. Hufika asubuhi pamoja na vijana wa kuhudumia, likafunguliwa kando ya mahema, na usiku likafungwa likaenda zake. Malipo yake ni ya namna mbili. Ama mwenye karamu hulipia vinywaji vyote kwa hesabu ya wageni, ama hulipia kuja kwake tu, na kila mnywaji akatoa fedha zake mfukoni. Ni njia hii ya pili waliyoipendelea wanakamati, wakaona kuwa ndiyo iliyo salama na dini.

Juu ya ulevi wenyewe hatutasema mengi. Kila mtoto wa chuo ajua kuwa katazo lilishuka kwa daraja: katika Sura ya Al-Baqara aya ya 219 watu walielezwa kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko nafuu yake; katika An-Nisaa aya ya 43 wakakatazwa kuikaribia sala hali wamelewa; na katika Al-Maida aya ya 90 na 91 mlango ukafungwa. Hao waliotuuliza hawana shaka na hayo. Hakuna mmoja wao anywaye. Hoja yao ni nyingine, nayo yastahili kujibiwa kwa insafu: sisi hatunywi, hatuuzi, wala hatununui, twampa mgeni asiye wa dini yetu nafasi ya kufanya lile ambalo kwake si haramu. Dhambi i wapi?

Twajibu kwanza kwa hadithi mashuhuri iliyopokewa na Tirmidhi na Ibn Majah kutoka kwa Anas, ambayo ndani yake Mtume (s.a.w.) amewalaani watu kumi kwa sababu ya ulevi. Tuwahesabu. Yumo akamuaye na akamuliwaye, achukuaye na apelekewaye, auzaye na alaye thamani yake, anunuaye na anunuliwaye, na yule atiaye bilaurini akawapa watu. Katika kumi hao anayetajwa kwa kunywa ni mmoja tu. Basi yule asemaye kuwa hana dhambi maadamu hakutia kinywani, ameondoa jina moja akayaacha tisa. Ulevi haufiki mezani peke yake. Hufikishwa na mikono mingi, na sheria imeishika mikono yote ile.

Ndugu yetu mmoja katika darsa, ambaye amesoma fiq-hi ya Kihanafi, alituletea pingamizi zuri. Alisema kuwa Imamu Abu Hanifa aliona kuwa Mwislamu akiajiriwa na asiye Mwislamu amchukulie mvinyo wake, ujira huo ni halali kwake, kwa kuwa yeye ameuza nguvu za mgongo wake tu. Hayo ni kweli, na si vyema kuyaficha. Lakini wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad bin Hasan, hawakumfuata katika jambo hili. Na Mashafi, ambao ndio wengi katika nchi zetu hizi, wasema kuwa ijara hiyo haisihi. Tena lau tungemfuata Abu Hanifa mwenyewe, mambo haya mawili hayafanani. Mchukuzi ni maskini aliyeitwa na mwenye mali kwa mali yake. Mwenye karamu hakuitwa na mtu. Yeye ndiye aliyeita. Amelipa gari lije, amelionyesha mahali pa kusimama, na amewaalika watu waje walikute.

Hata hivyo pingamizi hilo limetufaa. Mahanafi hao hao wasema kuwa mvinyo wa asiye Mwislamu aliye katika himaya ya dola ya Kiislamu ni mali yake, na Mwislamu akiumwaga humlipa. Hii ni kumwacha mtu na chake nyumbani kwake. Nasi Waislamu wa Machakos, tulio wachache katika kaunti yenye watu zaidi ya milioni 1.4 kwa hesabu ya mwaka 2019, hatukupewa kazi ya kuchungulia vibuyu vya jirani zetu. Lakini kumwacha mtu na chake si sawa na kumwandalia. La kwanza ni ujirani mwema, na la pili ni kushirikiana katika dhambi, jambo tulilokatazwa katika aya ya 2 ya Al-Maida.

Ama ile kusema kuwa wageni watajilipia, twaona inazidisha ubaya wala haiupunguzi. Mwenye karamu aliyelipia bilauri angalau ameonyesha ukarimu, ijapokuwa ni ukarimu ulioharibika. Huyu wa pili ameigeuza walima, ambayo ni sunna ya Mtume (s.a.w.) na shukrani kwa Mola, kuwa soko la ulevi, naye akiwa mwenye soko.

Yuko aliyetutaka pia tutaje maafa ya pombe haramu, na kweli hapa Machakos mwezi wa Juni mwaka 2005 walikufa makumi ya watu kwa kunywa pombe iliyotiwa sumu ya methanoli, na wengine wakapofuka. Lakini hatutaijenga hukumu yetu juu ya msiba huo. Gari la kukodi huuza chupa zilizofungwa zenye stempu ya kodi ya serikali, na mtu ataweza kutujibu kuwa zake ni safi. Sheria ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo iliiruhusu hata chang'aa, kwa masharti, na leseni za baa leo hutolewa na serikali za kaunti. Leseni ni jambo baina ya muuzaji na kaunti. Haigeuzi hukumu ya kitu mbele ya Mwenyezi Mungu, iwe chupa ni safi au chafu.

Sasa twafika penye uzito, napo ndipo tulipokaa kwa majuma mawili katika yale matatu.

Mtazameni huyu baba wa bibi arusi. Amemlea binti yake, akamsomesha, na aliposilimu hakumfukuza. Siku ya nikaha ameambiwa kuwa yeye hawezi kuwa walii wake, na kwamba kadhi ndiye atakayemwoza. Akanyamaza, akakubali. Sasa ataambiwa kuwa wazee wenziwe watakaokuja kumpa heshima hawatapewa hata bilauri. Kwa Wakamba, uki si kinywaji cha kukata kiu tu. Ni pombe ya asali au ya miwa ambayo wazee huinywa wanapokubaliana maneno ya posa, na ambayo zamani haikukosekana penye baraka za arusi. Asiyeitoa huonekana amewadharau waliokuja. Mwenye kudhani kuwa mzee huyu analilia ulevi tu, hajamfahamu. Analilia uso wake mbele ya watu wake.

Basi twasema wazi kuwa uchungu wake ni wa kweli, na ni haki yake utazamwe. Qurani imemwamuru mtoto ambaye wazazi wake wamtaka amshirikishe Mungu asiwatii katika hilo, na papo hapo ikamwamuru akae nao kwa wema duniani. Hayo yamo katika Luqman aya ya 15. Na katika Al-Mumtahina aya ya 8 hatukukatazwa kuwafanyia wema na uadilifu wasiotupiga vita katika dini. Ikiwa kukataa kwetu hakukuja pamoja na wema huo, tumeitii nusu ya aya tukaiacha nusu.

Wema huo ni upi? Kwanza, aambiwe mapema, na aambiwe na baba wa kijana kwa kinywa chake, nyumbani kwake mzee, kwa adabu zote anazostahiki mkwe. Asiachwe agundue siku ya arusi, wala asipelekewe habari na kijana wa kamati kwa simu. Mtu aelezwapo kwamba walima hii ni ibada kwetu, na kwamba kama vile yeye asivyoruhusu jambo fulani kanisani kwake, ndivyo nasi tusivyoweza kuliruhusu hili hapa, aghalabu hufahamu. Wazee wa Kikamba wamekaa na Waislamu tangu zama za misafara ya pembe za ndovu iliyokwenda Mombasa katika karne ya 19. Wanajua kuwa Mwislamu hanywi. Asilolijua ni kwa nini Mwislamu huyo huyo amjie na sura ya aibu, kana kwamba dini yake ni ugonjwa wa kuombewa radhi.

Pili, heshima ya mzee itafutiwe mahali pengine, tena kwa wingi. Mbuzi watatu wa ntheo wapelekwe walio wanono. Mablanketi yawe mazuri. Katika karamu wazee wawekwe mbele, wahudumiwe kwanza, na mzee apewe nafasi ya kusema na kumbariki binti yake kwa lugha yake. Lile fungu la uki lililodaiwa katika mahari litolewe kwa kitu kingine kinachojulikana. Hapa pana hadhari: yuko atakayesema atatoa asali au sukari, nao wafanye watakavyo. Akijua kuwa itakwenda pipani, basi mfano wake ni wa mwenye kumwuzia zabibu mkamuaji mvinyo, na maneno ya Mashafi katika hilo yanajulikana.

Tatu, ikiwa wakwe watafanya sherehe yao wenyewe, siku yao na kwao, hiyo ni yao. Kijana na aende. Wamesema maulamaa wa Kishafi, na yamo katika Minhaj ya Imamu Nawawi isomwayo katika darsa zote za pwani, kuwa kuitika mwito wa walima huondoka wajibu wake penye munkari, ila kwa yule ambaye kufika kwake kutauondoa. Hiyo ni walima. Huku ni kuunga jamaa, na mlango wake ni mpana kidogo: aende saa ya chakula halali, awaamkie, ale, na bilauri zinapoanza kuzunguka aage. Asikae pale meza moja nao akinywa soda, kwani hilo limekatazwa kwa hadithi. Imepokewa kuwa Umar bin Abdul-Aziz aliletewa watu waliokamatwa wakinywa, akaambiwa kuwa mmoja wao alikuwa amefunga, akaamuru aanzwe yeye.

Lilitolewa pia shauri la hema la kando, nyuma ya ua, lisionekane. Twalikataa kuliko yote. Baa iliyo wazi ni dhambi. Baa iliyofichwa ni dhambi na unafiki, tena watakaoiona kwanza ni watoto wetu wanaocheza huko nyuma.

Kabla hatujaendelea, neno kwa wale waliotikisa vichwa kwa hasira swali hili liliposomwa. Baadhi yao wametoka katika arusi ambazo mafungu ya mirungi yalitafunwa tangu isha hata alfajiri, sala ikapita, na mahema yakalipwa kwa mkopo wa riba. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932 kule Mombasa, hakuchoka kuwakemea Waislamu kwa israfu zao. Na walioudhika naye hawakuwa wanywaji wa pombe. Familia hii ya Machakos angalau imeuliza.

Limebaki swali dogo: je, gari hilo hilo laweza kukodiwa lilete maji ya matunda tu? Maembe ya Machakos hayana haja ya sifa zetu, na ukwaju na tangawizi vyapatikana. Imamu Ghazali ametaja katika Ihya kuwa watu wakipamba baraza, wakaleta vyombo vya wanywaji, wakamweka mtu wa kuwazungushia, kisha wakatia humo sikanjabini, ambayo ni kinywaji halali, imekuwa haramu kwa kujifananisha na waovu. Sisi twaona neno lake lawahusu wenye kukusudia kufanana. Bilauri ikioshwa ni bilauri. Lakini meza yenye jina la bia ubavuni, na chupa tupu zimepangwa nyuma kwa urembo, hiyo tumeichukia, na hatuoni kwa nini ifuatwe ilhali akina mama wa mji huu wanajua kutengeneza sharubati kwa majagi.

Na la mwisho waliloliuliza ni arbuni. Mwanakamati alikwisha kumpa mwenye gari sehemu ya fedha kabla ya kutuuliza. Mapatano juu ya haramu hayamlazimu Mwislamu kuyatimiza. Na waende wakaombe kwa upole, wakaeleze sababu. Akizirejesha, ni zao. Akikataa, wamwachie, wala wasimwambie kwamba basi awaletee kinywaji cha thamani yake.