Mwili si Mkataba na Mungu

Siku hizi makanisani tunaambiwa mwili ni hekalu, basi tukimbie, tupunguze chumvi na soda. Sina ugomvi na hilo. Kazi yangu ni ya kukaa kutwa, na mgongo unalalamika. Kinachonisumbua ni hesabu inayofuata: ukiwa mzima umemtii Mungu, ukiugua kuna mahali umekosea.

Mtazame Eric Liddell, Mskoti aliyekataa mbio za mita 100 kwenye Olimpiki ya Paris, 1924, kwa sababu mchujo uliangukia Jumapili. Akashinda mita 400 kwa sekunde 47.6. Kisha akaenda China kuwa mmisionari. Alifariki 1945, katika kambi ambako Wajapani waliwafungia raia wa kigeni, kwa uvimbe kwenye ubongo, akiwa na miaka 43. Huyo naye tumwambieje? Kwamba mazoezi hayakutosha?

Paulo alimwandikia Timotheo kwamba mazoezi ya mwili yana faida, ila ndogo. Sioni kama aliudharau mwili. Aliuweka mahali pake. Hekalu hufagiwa kwa sababu lina Mwenyewe, si kwa sababu halitabomoka. Kwa hiyo kimbia, ndugu yangu. Ila ukimkuta mgonjwa, usimpime imani kwa kipimo cha sukari.