Je, Kutafuta Msaada ni Kukosa Imani?



Wako wanaosema Mkristo wa kweli hashikwi na sonona. Akishikwa, basi aombe zaidi. Tumtazame Eliya. Katika 1 Wafalme 19, nabii aliyeshinda pale Karmeli anakimbilia jangwani, anaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, mara mbili. Mazungumzo yalikuja baadaye, na baadaye tena akapewa Elisha awe mwenzake.

Hapa Marekani tunafanya kazi zamu za usiku, tunatuma pesa nyumbani, na tukiulizwa hali tunajibu, "Nzuri, tunamshukuru Mungu." Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Mtu akikosa furaha karibu kila siku kwa wiki mbili, halali vizuri, hana hamu ya kula, anajitenga na watu, amwone daktari. Tunameza dawa za presha na sukari huku tukiomba, na hakuna anayesema tumemwacha Mungu. Kwa nini ugonjwa huu uwe aibu?

Na mtu akisema afadhali afe, usingoje Jumapili. Kaa naye, mpigie 988, usiku au mchana. Ni bure, na unaweza kuomba mkalimani. Usimwache peke yake.

Tuzidi kuwaombea ndugu zetu, na tuwasindikize kwa daktari. Mungu awabariki.