Kijiko cha Bibi
Shinyanga, mzee akipigwa kiharusi, kumlisha ni adabu. Ukimwacha bibi ahangaike na kijiko nusu saa, uji ukimwagikia kifuani, majirani watakusema. Lakini ubongo hujifunza upya kwa kurudiarudia. Edward Taub, mwanasaikolojia wa Marekani, alifikia hatua ya kuufunga mkono ulio mzima ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi.

Basi huruma yetu inamfaa nani? Nadhani mara nyingi inatufaa sisi, tusioweza kuvumilia kutazama. Ila nusu saa hiyo ina bei. Mwanawe yuko machimboni Geita. Nyumbani kabaki mjukuu wa darasa la tano, mwenye kuni, maji na shule. Huyo akimlisha haraka, simlaumu. Na bibi, ambaye ulimi nao umekuwa mzito, bado hajaulizwa anataka nini.