Kipaji cha Mtoto wa Kichiwa ni cha Nani?

Matokeo ya darasa la saba yakishatangazwa, watoto wachache kutoka kila pembe ya nchi hupangiwa shule saba zinazoitwa za vipaji maalumu: Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Tabora Wavulana, Tabora Wasichana, Kilakala na Msalato. Jina la mtoto wa Kata ya Kichiwa, wilayani Njombe, likiwamo, nyumbani huuzwa magunia ya viazi au mbao, hununuliwa tranka na godoro, na mtoto hupanda basi la kutoka Makambako kupitia Iringa, Ruaha Mbuyuni na Mikumi hadi Mzumbe au Kilakala. Kijijini watasema amebarikiwa. Shuleni ataambiwa amestahili. Siku ya mahafali kauli hizi mbili hutamkwa katika hotuba ileile na hakuna anayeshtuka, ingawa haziwezi kuwa za kweli zote kwa maana moja. Alichobarikiwa mtu amepewa bure; alichostahili amekilipia. Ninaloshikilia ni kwamba kijiji ndicho kinachosema kweli, na kwamba tukiukubali ukweli huo itatubidi tupange upya juma zima la shule hizo, tangu kengele ya alfajiri ya Jumatatu hadi prepo ya Jumapili usiku, pamoja na namna tunavyohesabu mafanikio yake.

Ushahidi wa kwanza uko Njombe kwenyewe. Huu ni mkoa unaolisha wengine: mahindi, viazi mviringo, maharage, maziwa, chai ya Lupembe, na siku hizi maparachichi yanayosafirishwa ng'ambo. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba nusu ya watoto wa Njombe walio chini ya miaka 5 wamedumaa, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 30. Iringa jirani hali ilikuwa mbaya zaidi, asilimia 57. Udumavu hauishii kwenye kimo. Huanza mimba ikiwa ingali changa, hujijenga kabla mtoto hajatimiza miaka miwili, na sehemu ya madhara yake hubaki kwenye ubongo, katika uwezo wa kukumbuka, kusikiliza kwa muda mrefu na kujifunza lugha. Chakula kipo ghalani, lakini mama anashinda shambani tangu asubuhi, mtoto analishwa uji mtupu wa mahindi, maziwa na mayai yanakwenda sokoni, na maradhi ya kuhara yanakula hata kile kidogo kilichoingia tumboni. Njombe pia ndio mkoa wenye kiwango kikubwa kuliko yote cha maambukizi ya VVU nchini. Utafiti wa 2022 na 2023 ulikuta karibu asilimia 13 ya watu wazima wanaishi navyo, na watoto wengi wa nyanda hizi wamelelewa na bibi zao baada ya kufiwa na wazazi. Basi watoto wawili waliozaliwa Kichiwa juma moja wanaweza kufika kwenye chumba cha mtihani wakiwa na miaka 13, mmoja akiwa ameshashindwa zamani, kabla hajajua kushika kalamu. Yule aliyefaulu hakuchagua tumbo lililombeba, wala yai alilopikiwa, wala mwalimu wa darasa la tatu aliyekuwa na subira. Mtihani unapima mambo hayo yote kwa mkupuo, kisha unaandika jina moja.

Dini zetu mbili kubwa zililiona jambo hili bila kusubiri takwimu. Paulo aliwauliza Wakorintho waliokuwa wakijivunia hiki na kile: wana kitu gani ambacho hawakukipokea, na kama walikipokea, mbona wanajisifu kana kwamba ni chao tangu asili? Katika Sura ya Al-Qasas, Karuni, mtu wa kaumu ya Musa, alinasihiwa awatendee watu wema kama Mungu alivyomtendea yeye wema. Akajibu kwamba aliyonayo aliyapata kwa elimu yake. Jibu hilo ndilo lililomponza. Inafaa kulizingatia, kwa sababu Karuni hakusema kwamba alirithi wala kwamba aliiba. Alidai ujuzi, dai lilelile tunalowafundisha watoto wetu hodari. Nako Ubena, huko huko Njombe, ambako Ulutheri ulipandwa na Misheni ya Berlin mwishoni mwa karne ya 19, kizazi baada ya kizazi kimefundishwa kwenye kipaimara kwamba mwanadamu hahesabiwi haki kwa matendo yake. Mwanateolojia makini atanikatiza hapa: fundisho hilo linahusu wokovu, halihusu alama za fizikia. Ni kweli. Lakini majivuno ambayo fundisho hilo linayavunja ni yaleyale, na haieleweki kwa nini mtu aliyekatazwa kujisifu mbele ya madhabahu kwa sala zake aruhusiwe kujisifu mbele ya jirani kwa hisabati zake, hali uwezo wa kusali na uwezo wa kukokotoa vyote alivipokea.

Pingamizi linalokuja mara moja ni la juhudi. Kipaji mtu hupewa, watasema, lakini kukesha na vitabu ni kazi yake mwenyewe. Wapo wengi wenye vipaji waliovizika kwa uvivu. Pingamizi hili nalipa uzito, kwa sababu kumnyima mtoto sifa ya juhudi yake ni dhuluma na pia ni uongo. Tatizo ni kwamba alama hazipimi juhudi. Msichana wa shule ya kata anayeamka gizani katika baridi ya Juni, akachota maji, akawasha moto, akatembea kilomita kadhaa hadi darasani, kisha jioni akatafuta kuni na kusomea taa ya sola iliyokaribia kuzima, akipata divisheni ya tatu huenda ametumia juhudi kubwa kuliko mwenzake wa shule ya vipaji aliyepata ya kwanza kwa pointi saba. Kama kweli tungekuwa tunaheshimu juhudi, tungekuwa na namna ya kumwona msichana huyo. Hatuna, wala hatujaitafuta kwa bidii. Tunachokiheshimu ni matokeo, na juhudi tunaitaja baadaye ili kuyahalalisha.

Hapo ndipo juma la shule linapohusika, maana shule hufundisha zaidi kwa ratiba kuliko kwa hotuba. Utaratibu wa bweni nchini unafahamika: kengele kabla jua halijachomoza, usafi wa mazingira, mstari wa asubuhi, vipindi mpaka mchana, ugali na maharage bwaloni, michezo jioni, prepo hadi saa 4 usiku, Jumamosi kufua na usafi mkuu, Ijumaa swala, Jumapili ibada. Ratiba hiyo ina heshima yake, na watoto wengi wamekua ndani yake wakawa watu. Lakini angalia ni nani anayeitwa mbele mstarini: ni aliyeongoza jaribio. Kisha angalia kinachotendeka baada ya prepo, walimu wakishaondoka. Wanafunzi wanakaa kwenye diskasheni, aliyeelewa logarithimu anamfafanulia asiyeelewa, wa mchepuo wa baiolojia (PCB) anamfundisha kemia wa mchepuo wa hisabati (PCM) na kulipwa kwa hisabati. Shule hizi zinafaulu kwa sehemu kubwa kwa sababu ya saa zile zisizoandikwa popote. Mafanikio ya darasa zima yamefumwa kwa zawadi ndogondogo za wanafunzi wenyewe kwa wenyewe, lakini cheti hutoka kwa jina la mmoja mmoja, kana kwamba kila mtu alipigana peke yake.

Jambo jingine katika juma hilo ni siku ya mapumziko. Amri ya Sabato katika Kumbukumbu la Torati ina sababu ambayo wahubiri wengi huipita haraka: Waisraeli wapumzike, na watumishi wao wapumzike pia, kwa kuwa wao wenyewe walikuwa watumwa Misri. Maana yake ni kwamba thamani ya mtu haikomi kazi inapokoma. Uislamu hauna Sabato ya namna hiyo, lakini mwito wa swala ya Ijumaa nao unadai watu waache biashara kwa saa hiyo, hata kama faida iko mlangoni. Mitihani ya moko ikikaribia, siku hizi ndizo za kwanza kuliwa. Kipindi cha ziada kinaingizwa baada ya ibada, kisha mahali pa ibada, na mtoto anajifunza, bila mtu yeyote kumtamkia, kwamba yeye ni sawa na alama zake na kwamba hata Mungu anaweza kusubiri. Mtoto aliyefundishwa hivyo kwa miaka sita hatapona kirahisi siku atakapokutana na mtihani asioushinda.

Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania lilitangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka uliotangulia bila orodha iliyozoeleka ya shule kumi bora na watahiniwa kumi bora, likieleza kwamba orodha hiyo haina tija. Wengi walilalamika. Walisema bila mashindano watoto watalegea, na kwamba mzazi wa Makambako anayetafuta shule ana haki ya kujua ipi inafundisha. Sehemu ya pili ya lalamiko ni ya haki, lakini jibu lake lipo: matokeo ya kila shule yanaendelea kuchapishwa, na anayetaka kulinganisha analinganisha. Sehemu ya kwanza siikubali. Mtoto aliyekuwa akisoma kwa ajili ya nafasi kumi za juu ni mmoja katika maelfu mengi; waliobaki orodha ile haikuwahi kuwapa sababu ya kusoma, iliwapa sababu ya kujiona si kitu. Baraza lilifanya vyema. Ila liliondoa heshima mahali isipostahili bila kupanda nyingine, na pengo hilo matangazo ya biashara yanalijaza.

Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alisoma Tabora, shule iliyoanzishwa hasa kwa ajili ya wana wa machifu, aliliweka suala hili kwa ukali kuliko wengi. Alifananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Akichukua chakula asirudi na msaada, ni msaliti. Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kuupinga utaratibu mpya wa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), aliwarudisha makwao zaidi ya 300 kati yao, na siku ileile akaupunguza mshahara wake mwenyewe. Katika miaka ya 1970 nafasi za sekondari ziligawanywa kwa mikoa na wilaya, ili sehemu zilizotangulia kupata shule za misheni zisichukue zote. Katika hatua hizo zote wazo ni moja: aliyepokea anadaiwa.

Mwanafalsafa wa Marekani Robert Nozick alipinga wazo la aina hii mwaka 1974. Tukisema vipaji vya mtu ni rasilimali ya wote, alionya, tumemfanya mtu huyo mali ya wengine. Onyo hilo tulichukulie kwa uzito, hasa sisi tulioona utumishi wa lazima ukidaiwa kwa jina la taifa. Mtoto wa miaka 13 hakusaini mkataba wowote alipopanda basi Makambako. Lakini kudaiwa na kumilikiwa si jambo moja. Aliyewekewa amana hageuki mtumwa wa aliyeiweka. Anabaki huru na nyumba yake na maisha yake, isipokuwa kwamba kitu fulani mkononi mwake hawezi kukifanya chake peke yake kwa dhamiri safi. Bodi ya Mikopo inajua kukata asilimia 15 ya mshahara wa aliyekopeshwa, na JKT, iliyorejeshwa mwaka 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita, inajua kuwaita kambini. Deni ninalolisema halikatwi kwenye mshahara wala halina kambi. Mwanafunzi akichagua kuwa mwanamuziki badala ya daktari, hajamwibia mtu. Amekosa tu kama ameishi akiamini kwamba hakupewa chochote.

Wapo watakaosema kwamba ikiwa kipaji hakistahiliwi basi shule za vipaji zifutwe, watoto wote wasome shule za kata. Sikubaliani nao. Zikifutwa shule hizo, maabara kamili na walimu wa kutosha vitabaki kwa wenye uwezo wa kulipa ada kubwa katika shule binafsi, na mlango pekee alio nao mtoto wa mkulima wa Kichiwa utakuwa umefungwa kwa jina la usawa. Zibaki, na juma lake lipangwe kama la watu wanaojua wamepokea. Jumamosi mbili za mwezi wanafunzi waende shule za kata zilizo jirani kufanya diskasheni na wenzao, kwa Kiswahili pale Kiingereza kinapokuwa kikwazo. Likizo za Juni na Desemba, anayerudi Kichiwa asome na vijana wa sekondari ya nyumbani, na mkuu wa shule hiyo aandike barua ya namna alivyowafaa. Barua hiyo isomwe mstarini muhula ukifunguliwa, mahali ambapo leo husomwa alama. Jumapili na Ijumaa zirudishiwe saa zake. Wakuu wa shule watauliza kuhusu muda, na ni swali la haki, kwa sababu wao ndio wanaoulizwa na Mkoa wastani ukishuka. Waanze na kidato cha tano, ambacho hakina mtihani wa taifa mwaka huo, na Mkoa uwaahidi kwa maandishi kwamba hakuna mkuu wa shule atakayehamishwa kwa ajili ya Jumamosi hizo.