Mshubiri wa Mpakani Walisha Shamba la Nani?

Yatokea mara nyingi vijijini mwetu kwamba mashina ya maboga yatambaa vizuri na kutoa maua mengi ya manjano, kisha viboga vichanga vyageuka rangi, vyanyauka na kuanguka. Mwenye shamba hutazama ng'ambo ya mpaka, akaona maboga ya jirani yamenenepa, na moyoni mwake lazaliwa neno baya: kijicho, au hata uchawi. Ujirani wa miaka mingi umekwisha kuvunjika kwa jambo dogo kama hilo.

Hatusemi kwamba boga lina sababu moja tu ya kuanguka. Ukame waweza kuliangusha, na inzi wa matunda vilevile. Lakini iko sababu moja isiyokumbukwa na wengi. Boga lina maua ya kiume na maua ya kike mbalimbali katika shina moja. Ua la kike hufunguka alfajiri, na kabla ya adhuhuri huwa limekwisha fumba, wala halifunguki tena. Katika saa hizo chache hapana budi mdudu, na hasa nyuki, alete chavua, yaani ule unga wa manjano, kutoka katika ua la kiume. Asipofika, hakuna boga. Mahindi hutegemea upepo. Maboga, matango na matikiti hayawezi, kwa kuwa chavua yao ni nzito na yenye kunata.

Basi, nyuki huyo aliishi kwa kula nini miezi ile ambayo shamba lilikuwa tupu? Hapo ndipo tunapoufikia mshubiri wetu wa porini, ambao wataalamu huuita Aloe secundiflora. Waota katika nyika na vichaka vikavu vya Tanzania na Kenya, majani yake manene yenye miiba ya pembeni yakikaa duara juu ya ardhi. Ukichanua huinua matawi ya maua mekundu, na mara nyingi hufanya hivyo wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa zimenyauka na nyuki wana njaa. Ndani ya kila ua mna mbochi, maji matamu yanayowaita nyuki na ndege chozi. Ni ajabu kwamba mmea ambao uchungu wake umekuwa methali watoa utamu huo. (Jina lenyewe limetoka katika Kiarabu, na herufi za shina lake ni zile zile za neno subira.) Watu wetu waujua zaidi kwa majani yake, wanayoyatia katika maji ya kuku wakati wa mdondo. Ua lake hawalitazami.

Twauliza sasa: je, yampasa mtu mwenye ekari moja kupanda mmea asioula, ili kuwalisha nyuki ambao si wake? Nyuki huweza kuruka kilometa 2 na zaidi kutafuta chakula. Atashiba katika mshubiri wa Juma, kisha aende kuhudumia maboga ya mtu ambaye Juma hamjui, au yule aliyegombana naye juzi. Wengine watasema kwamba hiyo ni hisani, na hisani hailazimishwi. Sisi twaona sivyo. Boga alilokula Juma mwaka jana lilitokana na nyuki aliyelishwa katika kichaka cha mtu mwingine, ambaye hakuomba malipo wala hakushukuriwa. Juma amekwisha kula. Lililobaki ni kulipa. Na kwa kuwa hawezi kumjua aliyemkopesha, njia ya kulipa ni moja tu, nayo ni kumlipa asiyemjua.

Hata hivyo deni si sawa kwa wote. Hatuwezi kumwambia mjane mwenye robo ekari maneno yale yale tunayomwambia mwenye shamba kubwa, aliyefyeka kila kichaka hata ukingo wa korongo, na ambaye hunyunyiza dawa ya wadudu asubuhi maua yakiwa wazi. Huyo haachi kulipa tu, bali aharibu cha wenzake. Angengoja jioni, maua yakiwa yamefumba, asingepoteza kitu.

Wala mshubiri hauombi ardhi nzuri. Wataka jua, na udongo wa changarawe usiotuamisha maji. Mpaka wenye mawe wautosha. Lakini tusiung'oe porini. Nchini Kenya tamko la Rais la mwaka 1986 lilipiga marufuku kuvuna mishubiri ya porini kwa biashara, na mkataba wa mataifa juu ya biashara ya viumbe vya porini waisimamia aina zote za mishubiri isipokuwa moja, ile Aloe vera ya madukani. Mbegu zaokotwa vitumba vikikauka, zaatikwa juu ya mchanga na kufunikwa kidogo tu. Ua la kwanza hungojewa miaka kadhaa. Na usipandwe mmoja peke yake, maana mishubiri iliyo mingi haizai mbegu kwa chavua yake yenyewe, huhitaji ya mwenzake. Nafasi ikiwa ndogo, wa pili na upandwe upande wa jirani, akikubali.