Fundi, Kengele Ile ni ya Waliolala

Mwanangu, nimelifungua faili ulilopakia kwenye paneli ya kengele ya moto ya bweni la shule. Ni lile lile la duka kubwa la mjini. Umebadilisha jina la jengo tu. Haya nimewaambia vijana wengi waliopita mikononi mwangu, nawe nitakuambia polepole, kwa maana kazi yetu hakuna anayeisahihisha mpaka siku ya moto.

Dukani watu wako macho. Pale unaweza kuweka dakika mbili tatu za kusubiri, mlinzi akahakikishe kwanza kabla ving'ora havijalia jengo zima. Bwenini saa nane usiku mlinzi yuko getini, matroni kalala, na godoro la sponji likishika moto halimngoji mtu avae viatu. Shule ya Asumbi, jirani zetu wa Homa Bay, wanafunzi 8 waliangamia bwenini mwaka wa 2012. Kyanguli kule Machakos, Machi 2001, walikuwa wavulana 67. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yana vyuma. Endarasha, Nyeri, Septemba 2024: watoto 21. Sisemi king'ora hufungua kufuli. Nasema zile dakika unazozibonyeza kwenye paneli unazitoa kwenye uhai wa mtoto aliyelala. Bwenini usiweke hata moja.

Najua mwalimu mkuu ndiye aliyekuomba dakika hizo. Wadudu wa ziwani wakipanda usiku wanafuata taa, wanaingia ndani ya sensa, na mwanga ulioko mle unawagonga kama unavyougonga moshi. Kengele inalia bure, shule nzima inatoka nje, na baada ya siku chache mtu anasema izimwe. Usikubali. Safisha sensa, kagua wavu wake, sogeza taa ya nje mbali na dirisha, na jikoni weka sensa ya joto badala ya ya moshi. Dawa ya kengele ya uongo ni hiyo.

Sasa tuje kwenye mlio wenyewe. Vifaa tunavyofunga Kisumu vinatoka kila pembe. Paneli iliyotengenezwa kwa kufuata Wamarekani hulia mara tatu, nusu sekunde kila mlio na nusu sekunde katikati, kisha hunyamaza sekunde moja na nusu, na maana yake ni tokeni. Iliyofuata Waingereza hulia mfululizo ikisema tokeni, na ikikatakata inasema kaeni tayari. Hospitalini mpango huo wa hatua mbili una kazi: wadi inayoungua inahamishwa, wadi ya jirani inajiandaa, kwa kuwa wagonjwa hawawezi kubebwa wote kwa pamoja. Bwenini mtoto hana nafasi ya kutafsiri. Chagua mlio mmoja, uwe huo huo katika kila jengo la shule, tofauti kabisa na kengele ya vipindi, na watoto waufanyie mazoezi. Kanuni za Kupunguza Hatari za Moto za 2007 zinadai mazoezi hayo walau mara moja kwa mwaka.

Halafu sauti ifike. Kiwango cha Uingereza kinataka desibeli 75 pale kichwa kinapolala, si kwenye korido ulikosimama na kipimo chako. Mlango wa kawaida ukifungwa unameza kama desibeli 20. Uliupima wazi, nimeona kwenye fomu yako.

Na wako wasiosikia hata desibeli 100. Tuna shule za viziwi Maseno na Nyang'oma, na wanafunzi viziwi wako hata katika shule za kawaida. Kwao king'ora ni taa inayomweka. Taa hizo uzipange zimweke kwa pamoja. Zikipishana, anayeziona kadhaa kwa mara moja anapata mimweko ya haraka mno, na mwenye kifafa anaweza kuanguka papo hapo. Tena mtu akinyamazisha ving'ora, taa ziendelee mpaka paneli irudishwe sawa. Hili linaniuma zaidi ya mengine, kwa sababu kiziwi hana wa kumuuliza gizani.

Jambo la kunyamazisha lina mtego mwingine. Mtu akishanyamazisha kengele ya zoni ya kwanza, moto ukaonekana zoni ya pili, ving'ora lazima vilie upya. Katika faili lako hilo limezimwa. Liwashe. Betri nazo zihimili saa 24 bila stima, kisha bado ziwe na nguvu ya kuliza ving'ora nusu saa. Unaijua mvua ya ziwa hili na namna stima inavyopotea.

Rudi bwenini kesho. Mwombe matroni alale kitanda cha mwisho, mlango ufungwe, feni iwe inazunguka, stima uikate, kisha uwashe sensa iliyo mbali kuliko zote. Usichukue sahihi ya mwalimu mkuu kabla matroni hajakuambia alichosikia.